Foleni iliyoupa mwezi mgongo

Nianze na kitu ambacho mpaka leo hakijanitoka. Ijumaa tarehe 27 Julai 2018, saa tano na dakika kama ishirini usiku, juu ya paa la jengo la fizikia la chuo kimoja hapa Dar. Mwezi uko karibu na utosi, mwekundu kama kaa linalotaka kuzimika, ndo katikati kabisa ya kupatwa kwa mwezi. Na chini yake watu zaidi ya mia wamepanga foleni, kila mtu anaangalia kisogo cha aliye mbele yake, wengine foleni imewabakiza ndani kwenye ngazi, juu yao ni zege tupu, hawaoni hata kipande cha anga. Wanasubiri zamu ya kuchungulia darubini ili wauone mwezi. Mwezi uleule ambao wangepiga hatua kumi tu nje wangeuona bila kumuomba mtu.

Mi nilikuwa volontia wa kushika darubini siku ile, na nimekaa na hiki kisa miaka sasa, tumekijadili na wenzangu mpaka kimechakaa, nikasema ngoja nikiandike chote maana naona vyuo na shule nyingi sasa zinaanza kuita watu kuja kutazama nyota na wanarudia kosa lilelile tulilofanya sisi.

Kwanza mahali penyewe. Ukisikia observatori ya chuo, yani kituo cha kutazamia nyota, usidhani ni kuba jeupe juu ya mlima. Yetu ni kibanda cha mabati juu ya paa, na bati lake la juu linasukumwa pembeni kwenye reli, kazi ya watu wawili, ukisukuma peke yako linakwama upande. Likishafunguka umebaki na kuta nne na anga. Ndani kuna darubini ya aina ya Dobson ya inchi 8, lile bomba nene linaloketi kwenye kibweta cha mbao, unalizungusha kwa mkono, halina mota wala kompyuta. Na kuna kadarubini kengine kembamba ka miguu mitatu ambako skrubu yake ilikuwa imelegea, ukikaelekeza juu kanaanza kuinama kenyewe taratibu kama mtu anayesinzia kwenye daladala. Basi. Huo ndo utajiri wetu wote. Siku za kawaida tunafungua kwa wageni mara moja kwa mwezi, wakija watu thelathini tunashukuru.

Sasa ile tarehe 27 haikuwa siku ya kawaida. Mwezi ulikuwa unapatwa wote, na ulikuwa unapita karibu na katikati ya kivuli cha dunia, halafu siku hiyohiyo ulikuwa mbali nasi kwenye njia yake kwaiyo unakwenda polepole, ndo maana ukakaa kivulini kabisa kwa dakika 103, kupatwa kamili kurefu kuliko kote kwa karne hii ya 21. Kwa saa zetu ulianza kuliwa saa 3:24 usiku, ukaingia wote saa 4:30, ukaanza kutoka saa 6:13. Na sayari ya Mirihi nayo siku hiyohiyo ilikuwa mkabala na jua, yani dunia iko katikati yake na jua, inang'aa kupita kiasi, imekaa jirani tu na mwezi upande wa kusini. Sayari ya Zohali iko juu na pete zake zimefunguka karibu mwisho wa kufunguka kwake. Mshtarii magharibi. Zuhura ilikuwa imeshaonekana jioni na kuzama. Yani kwa mtu wa nyota ilikuwa kama Idi na Krismasi kuangukia tarehe moja.

Tukatengeneza bango, likaenda ubaoni na kwenye magrupu ya WhatsApp. Liliandikwa: NJOO UTAZAME KUPATWA KWA MWEZI KWA DARUBINI, KIINGILIO BURE. Aliyeandika ni mimi, na kwenye hiki kisa ukitafuta mshtakiwa namba moja ni lile neno "kwa darubini", nitalirudia.

Pia tulipewa msaada ambao hatukuomba. Kuna ule uzushi wa kila mwaka kwamba Mirihi itaonekana kubwa kama mwezi, dunia itakuwa na miezi miwili angani. Asili yake ni mwaka 2003, Mirihi ilipotukaribia kuliko wakati wowote kwa karibu miaka 60,000, watu wakasambaza maelezo kwamba ukiitazama kwa darubini inayokuza mara 75 itaonekana na ukubwa wa mwezi unaouona kwa macho. Hesabu yenyewe iko sawa. Ila kadri ujumbe ulivyosambaa ile sehemu ya darubini ikadondoka njiani, ikabaki "kubwa kama mwezi". Kwa 2018 ukafufuka upya na ukaungana na bango letu vizuri tu kama vile tumepanga.

Tulitegemea watu themanini. Kufika saa tatu daftari la getini lilikuwa limeshapita mia mbili na kijana aliyekuwa anaandika majina akaacha kuandika, akawa anasema "piteni tu, piteni tu".

Hapa niwape hesabu maana hesabu ndo inaonesha tulikuwa tumeshashindwa kabla hata hatujaanza. Darubini moja nzima, maana ile nyingine inasinzia. Mtu mmoja akija: anapanda, anauliza nishike wapi, anaambiwa usishike, anashika, mwezi unatoka, naurudisha, anafumba jicho sio lenyewe, anasema sioni kitu, ghafla anasema "Aaah!", hapo ndo anaona, na ukiwa na roho ya kibinadamu huwezi kumtoa sekunde ileile aliyosema aaah. Ukienda haraka sana ni sekunde 40. Kwa saa ni watu 90. Kwa dakika 103 zote ni watu kama 155, na hapo hakuna mtoto, hakuna mzee, hakuna anayetaka kupiga picha na simu, hakuna chochote kinachoharibika. Sisi tulikuwa na watu mia tatu na kitu. Zaidi ya hapo mwezi unasogea, anga linazunguka, ndani ya dakika mbili mwezi unahama kwa upana wake wenyewe, kwaiyo kila mtu wa tatu au wa nne nalazimika kuchungulia mwenyewe na kusukuma bomba kidogo kulirudisha.

Na mwezi ulikuwa karibu na utosi, hilo hatukulifikiria kabisa. Dobson ikisimama wima mahali pa kuchungulia panapanda juu kama kifua cha mtu mzima. Mtu mzima anainama kidogo, mtoto wa miaka sita hafiki. Tukatafuta stuli, ikapatikana ya maabara, ile ndefu ya kuzunguka, hatari tupu gizani, kila mtoto akipanda lazima mtu mmoja ashike stuli na mwingine amshike mtoto. Sekunde 40 zikawa dakika na nusu.

Kuna mama mmoja alikuja na mwanae wa kike, nadhani darasa la kwanza, kamfunika macho na kona ya khanga yake. Yule mtoto alikuwa anatembea kipofu kabisa, anaongozwa. Nikasema labda anaumwa macho.

"Shikamoo mama. Mdogo wetu macho yana shida?"

"Marahaba mwanangu. Hapana, nimemfunika asije akautazama kabla hajafika kwenye mashine. Si mlisema kupatwa kunaharibu macho?"

Na mkononi alikuwa na ile miwani ya karatasi ya mwaka 2016, ameitunza miaka miwili, haijakunjika hata kidogo.

Hapo nikasimama kidogo. Miwani ile mnaikumbuka, tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa kipete, yani mwezi unaziba katikati ya jua na kuacha pete ya mwanga, Rujewa kule Mbarali mkoani Mbeya ndo ilionekana pete yenyewe kamili, huku Dar tukaliona limeliwa sehemu, na watu wote wa sayansi nchi nzima, sisi tukiwemo, tulipiga kelele mpaka sauti zikakauka: usitazame kwa macho matupu, utapofuka, tafuta miwani maalumu. Na tulikuwa sahihi, lile lilikuwa jua. Lakini ujumbe uliobaki kwenye vichwa vya watu haukuwa "jua linaunguza macho". Uliobaki ni "kupatwa kunaunguza macho". Mwezi ukipatwa hauna lolote la kukudhuru, ni mwanga wa mwezi tu tena uliofifia, unaweza kuukodolea macho usiku kucha ukaamka salama. Ila nani aliwaambia? Bango langu halikusema. Bango langu lilisema "kwa darubini", na mtu aliyeshaambiwa macho matupu ni hatari akisoma hivo anaelewa kitu kimoja tu, kwamba darubini ndo kinga. Chuo kimenunua mashine ya kutazamia kupatwa bila kupofuka, na ni bure.

Kwaiyo foleni ile haikuwa ya watu wajinga. Mi hukasirika mtu akisimulia hiki kisa kwa kicheko, eti watu walikuwa na mwezi kichwani wakapanga foleni. Walikuwa wanafuata maelekezo yetu, ya 2016 na ya 2018, yote mawili kwa pamoja na kwa utii kabisa.

Yule mama nilimtoa kwenye foleni nikampeleka pembeni kwenye ukingo wa paa, nikamwambia mfunue. Akasita kweli. Nikatazama mimi kwanza muda mrefu ili aone. Mtoto akafunua khanga mwenyewe, akaangalia juu, akauliza "Mama, nani kaupaka?" Nikamueleza kwamba jua liko nyuma yetu, dunia imeziba katikati, mwanga unaopenya ni ule unaopita pembeni kwenye hewa ya dunia, na hewa inamwaga bluu pembeni inaacha wekundu, kwaiyo ule wekundu anaouona pale ni jua linalochwa na linalochomoza pande zote za dunia kwa wakati mmoja, limeangukia mwezini. Sijui kama alielewa. Mama yake ndo alikuwa amenyamaza. Halafu mama akaniuliza, "Sasa kule kwenye mashine tunaona nini cha zaidi?" Na jibu la kweli ni kwamba cha zaidi kilikuwa kidogo mno. Kwa darubini unaona mwekundu huohuo mkubwa zaidi, umekosa anga linalouzunguka, umekosa Mirihi pembeni yake. Kwa kupatwa kwa mwezi macho yanashinda darubini, huo ndo ukweli ambao mtu wa observatori anaona aibu kuusema baada ya kuita watu kwa bango.

Kitu kingine kilichotokea, na hiki ndo kilinifungua macho zaidi. Mwezi ulipoanza kuliwa vizuri, msikiti wa jirani ukatangaza kwa spika swala ya kupatwa kwa mwezi. Watu kama arobaini hivi wakachomoka kwenye foleni wakashuka. Mi nikashukuru kimoyomoyo, foleni imepungua, samahani Mungu wangu. Baadaye wakarudi baadhi, kati yao mzee mmoja wa kanzu na koti la baridi (Julai Dar ina baridi yake bwana, hasa juu ya paa), nikamwamkia nikamwambia babu pole umepoteza nafasi yako. Akacheka. Akasema hajapoteza kitu, ile swala ni rakaa mbili lakini kila rakaa ina rukuu mbili na visomo virefu, wakatoka wakakaa uani kwa msikiti wote wakautazama ukimalizika kufunikwa, imamu akawaonesha na Mirihi. Amekuja tu kuona sisi tunafanya nini.

Piga picha hiyo. Watu waliokwenda kuswali waliuona mwezi unavyomezwa mpaka mwisho, waliobaki kwenye tukio la kutazama mwezi hawakuuona.

Nikaanza kupiga kelele: jamani tokeni nje, mwezi uko wazi, hauna madhara, njooni huku ukingoni! Hakuna aliyesogea. Wawili watatu labda. Nilishangaa ila sasa nikifikiria ni jambo la wazi kabisa, mtu amesimama saa nzima na dakika kadhaa, akitoka nafasi imekwenda, aliye nyuma yake hamjui, unamwambia nini? Ukishawekeza saa nzima kwenye foleni, ile foleni inakuwa na thamani kuliko kile unachokipangia. Tumeona benki, tumeona hospitali, tumeona kwenye sukari ilipoadimika.

Kwenye saa tano na dakika arobaini mwalimu wetu akapanda juu, akaangalia foleni, akaangalia mwezi, akaniambia maneno machache sana: "Geuza darubini. Weka Zohali. Mwezi waambie uko juu." Nikamwambia watatuua. Akasema geuza.

Nikageuza. Na kweli ikawa vurugu, kaka mmoja aliyekuwa mtu wa tatu kutoka mbele alipandisha sauti akasema tumewaibia, ametoka Mbagala kwa ajili ya mwezi sio kwa ajili ya sayari gani sijui. Mwalimu akamshika bega akamtoa nje ya kibanda, hatua tano tu, akamuonesha juu. Yule kaka alikaa kimya kidogo halafu akaita kwa sauti, "Oyaa! Si uko hapa!" Sauti ya mmoja wao, sio yetu. Hapo ndo foleni ikafumuka. Wale wa kwenye ngazi walipanda kama mchwa, paa lote likajaa vichwa vinavyoangalia juu, kulikuwa na kama nusu saa ya wekundu imebaki na ilitosha.

Zohali ikabaki na foleni yake ya wanaotaka kweli, watu ishirini thelathini, wakiona zile pete wanatoa kelele maana Zohali haijawahi kumuangusha mtu. Mirihi ndo ilituaibisha. Kuna waliotaka miezi miwili, tukawawekea Mirihi kwa kukuza mara 120, kimahesabu inaonekana kubwa kuliko mwezi wa macho, wao wakaona kidude cha rangi ya chungwa kisicho na kitu, na safari hii hawakukosea, maana tangu Juni dhoruba ya vumbi ilikuwa imefunika Mirihi nzima, ileile iliyolizima Opportunity, lile gari la NASA lililokuwa linatembea juu ya Mirihi, likaacha kuwasiliana tarehe 10 Juni. Alama zote za usoni mwa sayari zilikuwa chini ya vumbi. Tulipowaambia "ile ni vumbi, mnaona tufani ya sayari nzima" baadhi walirudi kuchungulia mara ya pili. Tungesema mapema wasingesononeka.

Baada ya hapo tukawa na vikao. Mwenzangu mmoja, naye ni mtu makini, hadi leo anashikilia kwamba tatizo lilikuwa vifaa, tungekuwa na darubini nne mambo yangekuwa safi. Sikubaliani naye. Darubini nne zote zikielekea mwezini unapata foleni nne fupi za watu wanaoangalia visogo, halafu unahitaji watu nane wa kuzishika, na mwisho wa usiku kila mtu ameona kwa sekunde 40 kitu ambacho kilikuwepo bure kwa dakika 103. Mwingine alilaumu mataa ya ulinzi ambayo mlinzi alikataa kuyazima kwa sababu hakuna barua. Hilo kweli liliharibu anga, ila mwezi mwekundu ulionekana na mataa yake hivohivo, na mlinzi alikuwa sawa, barua hatukuandika.

Nafasi ya kujaribu tofauti ilichelewa sana. Kupatwa kamili kwa mwezi kunakoonekana kwetu mwanzo mpaka mwisho, tena saa za watu wenye akili zao, kulikuja tarehe 7 Septemba 2025, Jumapili, kulianza saa 1:27 usiku na mwezi ulikuwa mwekundu kuanzia saa 2:30 mpaka saa 3:52. Mi sasa sio mwanafunzi tena ila nilirudi kusaidia. Bango safari hii lilisema: NJOO NA MKEKA. MWEZI UNATAZAMWA KWA MACHO, HAUDHURU. Neno darubini halikuwepo mahali popote. Tukahamia uwanjani badala ya paani. Darubini tuliziweka mbali kwenye kona na zote tukazielekeza kwa Zohali iliyokuwa chini ya mwezi upande wa mashariki, mtu akiomba kuona mwezi kwa darubini anajibiwa kwamba leo hazina mwezi. Mwalimu mmoja akatembea na maiki katikati ya mikeka anaeleza, kimya, anaeleza tena.

Sitaki kusema ilikwenda vizuri kwa sababu ya akili zetu tu. Saa zenyewe zilitubeba, saa mbili usiku daladala zipo, watoto hawajalala, na mwezi ulikuwa umeinama mashariki mtu anautazama amekaa bila kuvunja shingo. Zohali ndo ilileta malalamiko, pete mwaka ule zilikuwa zimelala karibu tunaziona kwa ubavu, inaonekana kama kijiti kimechomwa kwenye kitunguu, na waliokumbuka ile ya 2018 waliuliza kama tumeiharibu. Lakini uwanja mzima ulikuwa unaangalia juu. Kuna familia ilileta chapati na chai ya tangawizi kwenye chupa. Mlinzi, alikuwa mwingine, alipewa barua wiki nzima kabla, akazima mataa ya uwanjani akaja kusimama nyuma ya mikeka na rungu lake.

Sasa kinachonikosesha usingizi ni hiki. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa, mchana, huku kwetu sehemu tu. Wale watoto wa kwenye mikeka wameshajua kwamba kupatwa kunatazamwa kwa macho, haudhuru, tumewaandikia wenyewe kwa herufi kubwa. Juzi tumekaa kuanza kuandika bango la 2027 na tumegombana saa mbili nzima juu ya mstari wa kwanza, mpaka sasa lina maneno mawili tu, JUA na MIWANI, na jina la yule mama wa khanga nimeliweka kwenye orodha ya watu wa kwanza kupigiwa simu.